Boti ya Faiba Nayo Hutiwa Gudini

Wako watu wengi katika vijiji vya delta ya Rufiji, na katika gati la Nyamisati ambako abiria wa Mafia hungojea maji yajae, wasemao kwa yakini kabisa kwamba faiba haiozi; na kwa kuwa neno hilo lina nusu ya ukweli ndani yake, limepata nguvu ya kudhuru kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba faiba haiozi kama ubao uozavyo. Lakini kutooza si kutochakaa, na chombo kisichooza chaweza kupauka, kulowa, kupasuka na kumtupa mwenyewe majini sawasawa na dau lililoliwa na wadudu. Boti za faiba zimekuwa nyingi katika wilaya ya Kibiti, wenye kuzitunza ni wachache mno, na sioni sababu ya haki ya kumfanya mwenye boti ndogo amngojee fundi kutoka Dar es Salaam, ilhali kazi ya kuirudishia boti yake ngozi na rangi, kwa sehemu yake kubwa, ni msasa, maji matamu, subira na mikono yake mwenyewe.

Asiyeijua nchi hiyo na ajue kwamba Mto Rufiji, ukikaribia bahari, huacha kuwa mto mmoja, ukagawanyika katika mikono mingi kama ile ya Simba Uranga na Kikunya, na baina ya mikono hiyo ukalea msitu wa mikoko wa yapata hekta 53,000, ambao ni mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko iliyoshikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika kata za Salale, Maparoni, Kiongoroni, Mbuchi na Msala, vijiji vingi havina njia nyingine ila maji. Mgonjwa, mwalimu, gunia la mchele, sanduku la kura na maiti anayerudishwa kwao kuzikwa, wote hao husafiri kwa chombo. Na maji yenyewe hayana huruma kwa kitu chochote kilichoundwa na binadamu: manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humo na kuzamishwa Julai 1915, ilikuwa ya chuma, na mabaki yake yalichakaa miaka mingi mbele ya macho ya watu mpaka yakadidimia topeni. Ikiwa chuma cha manowari hakikuvumilia, ni ghururi kubwa kudhani kwamba ngozi nyembamba ya boti ya mvuvi itavumilia bila kuangaliwa.

Mabaharia wa zamani hawakuwa na ghururi hiyo. Chombo cha mbao, kiwe jahazi lililobeba boriti kwenda Bara Arabu au dau la mvuvi wa Msala, kilikuwa na adui asiyetoa muhula, yaani wale wadudu wa baharini watoboao mbao. Na nahodha aliyeahirisha kukipandisha chombo chake alilipa kwa chombo chenyewe. Kwa hiyo bamvua lilingojewa, chombo kikatiwa gudini maji yalipojaa, yakapwa kikabaki kikavu juu ya magogo, kikakwanguliwa, kikaunguzwa kwa moto wa makuti ili wadudu wafe, nafasi baina ya mbao zikatiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, mbao za juu zikapakwa sifa ya papa ambayo harufu yake mgeni hakuisahau, na chini, kuzunguka mkuku, kikapakwa deheni ya chokaa na shahamu. Hapana aliyeiona kazi hiyo kuwa ya kukodia mtu. Mwenye chombo alikuwamo, mabaharia wake walikuwamo, na watoto walitumwa kuleta makuti. Faiba ilipokuja ilimwondoa mdudu. Na pamoja na mdudu ikaondoa adabu aliyoileta.

Basi na tuitazame faiba kwa karibu. Boti hiyo ni nyuzi za kioo zilizotandikwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa resini, kisha ikavikwa ngozi ya nje iitwayo jelkoti, ambayo unene wake aghalabu hauzidi sana nusu ya milimita. Nguvu ya chombo imo katika nyuzi, na amani ya nyuzi imo katika ngozi hiyo. Jua la delta huishambulia kila siku. Pitisha kiganja ubavuni mwa boti iliyokaa misimu kadhaa bila kushughulikiwa, kitoke na unga mweupe kama wa chaki: huo ndio jelkoti yenyewe ikiondoka. Nyunyiza maji juu yake. Yakikaa matone matone, ngozi ingali na uhai, na yakitandaa na kuacha doa jeusi, ujue kwamba inanywa. Fauka ya jua kuna chaza walioshika mizizi ya mikoko, ambao makali yao hukata ubavu wa boti inayopita kwenye mkono mwembamba maji yakipwa. Kuna mchanga wa diko ambako chombo hukokotwa kila asubuhi. Na kuna kamba ya nanga inayosaga ukingo wa omo mpaka nyuzi zikaonekana zimesimama.

Lakini mahali pa hatari kuliko pote ni tezi, pale ifungwapo mashine. Ukuta huo wa nyuma, katika boti nyingi, ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili, na bolti za mashine hupita katikati yake. Bolti ikilegea kidogo tu, au tundu likiachwa bila kuzibwa baada ya mashine kuhamishwa, maji huingia, na yakishaingia hayana njia ya kutoka. Nje rangi hung'aa, ndani ubao umekuwa ugoro. Gonga kwa mpini wa nyundo kutoka ukingo mmoja hadi wa pili: palipo pazima hulia kwa sauti kavu na kali, palipooza hujibu kwa uzito, kana kwamba umegonga gunia. Ndiyo kusema kwamba hata ile nusu ya ukweli niliyoitaja mwanzoni ina mpaka wake, maana ndani ya faiba isiyooza tumeficha ubao unaooza, kisha tukausahau kwa kuwa hatuuoni.

Mwenye boti iliyofikia hali hii huwa na njia mbili za kawaida, na zote mbili ni mbaya. Ya kwanza ni kuiacha. Ya pili, ambayo hupendelewa Idi inapokaribia au mnunuzi anapotazamiwa, ni kwenda dukani Kibiti, kununua kopo la rangi ya mafuta ya milango na madirisha, na kuipaka juu ya chumvi, juu ya mafuta ya samaki, juu ya ule unga mweupe, kwa brashi moja na katika adhuhuri moja. Boti hupendeza. Baada ya muda si mrefu rangi huanza kuinuka magamba magamba kama ganda la kitunguu, na mwenyewe hulaumu rangi, au hulaumu faiba, au husema kwamba kazi hii ina mafundi wake. Rangi haina kosa. Ilipakwa juu ya vumbi, ikashika vumbi, na vumbi likaondoka nayo.

Wala si kila boti iliyopauka huhitaji rangi. Jelkoti ikiwa ingali na unene, yatosha kuisugua kwa msasa wa maji ulio laini, kisha kwa kampaundi ya kung'arishia, kisha kuipaka nta, na weupe wake wa asili hurudi kwa gharama ndogo. Nasema haya kwa sababu rangi ni ahadi: ikishapakwa mara moja, boti haitarudia tena kuwa jelkoti tupu, na mwenyewe amejifunga kuipaka tena kila baada ya miaka michache. Lakini msasa ukionyesha nyuzi, au ngozi ikiwa imejaa nyufa, hapo nta haifai kitu, na sharti kazi yenyewe ianze.

Huanza kwa kalenda. Masika yamekwisha, vuli haijafika, na baina ya Julai na Septemba hewa ya delta ina ukavu wa kadiri iwezayo kupatikana mahali palipozungukwa na maji. Boti ipandishwe kwa bamvua, juu kabisa mwa diko, mahali ambapo maji mafu hayafiki. Na kwa kuwa baina ya bamvua moja na la pili ni majuma mawili, mwenye boti ana muda wa haki wa kufanya kazi yote na kuishusha kwa maji yale yale yaliyowasaidia wazee wetu kushusha majahazi. Nikiulizwa ni elimu gani ya zamani ambayo faiba haijaifuta, nitaitaja hii.

Ikishakauka, ioshwe. Maji ya mkono wa mto hayafai, kwa sababu chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na unyevu huinua malengelenge. Yatakikana maji matamu, na najua kwamba katika vijiji kadhaa vya delta maji hayo nayo huja kwa boti, katika madumu, yakanunuliwa. Hata hivyo yanunuliwe. Madumu machache ya maji ni rahisi kuliko kopo la pili la rangi. Kisha, kabla msasa haujagusa chombo, mafuta yaondolewe kwa vitambaa viwili, kimoja chenye tina cha kuyeyushia na kingine kikavu cha kufuatia papo hapo kabla tina haijakauka. Wengi huanza kwa msasa kwa kuwa ndio unaoonekana kuwa kazi, na kwa kufanya hivyo huyasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo waliyoichora wenyewe, ambako hayatatoka tena.

Msasa wenyewe uende kwa daraja, namba 80 palipo na mikwaruzo, 120 baadaye, na 220 kabla ya rangi, na utumike wa maji kila iwezekanapo, ili vumbi liwe tope na lisiwe hewa. Hapo ndipo boti husema siri zake. Ufa wa juu juu, ulio wa ngozi tu, hufunguliwa kwa ncha, ukasafishwa na kujazwa puti. Lakini ufa uliofika kwenye nyuzi hautibiwi kwa puti, hata kama puti itauficha vizuri. Sharti ukatwe kwa mteremko mpana, upana wa mara kumi na mbili ya kina chake, hata ufa wa kina cha milimita 5 uwe na mteremko wa sentimita 6 kila upande, kisha mati ya nyuzi za kioo itandikwe vipande vidogo kwanza na vikubwa baadaye, vikilowekwa resini na kushindiliwa kwa brashi mpaka mapovu yote yatoke. Mtu akiona upana huo hushtuka, akadhani kwamba ameharibu boti. Hakuiharibu, kwani kiraka chembamba kilichokaa pembeni mwa ufa hubanduka wimbi la kwanza likipiga, na kile kilichoenea juu ya mteremko hushika kwa eneo lake lote.

Katika resini ndimo wanafunzi wengi wanamopotelea, kwa kuwa hupima hadena, yaani dawa ya kuigandisha, kwa jicho. Kilo moja ya resini ya poliesta hutaka hadena gramu 10 hadi 20 na si zaidi, na katika joto letu kipimo cha chini ndicho salama. Anayemimina nyingi ili akaushe upesi hupata resini inayochemka ndani ya kopo, yenye moshi, na ikishapakwa hupasuka. Changanya kidogo kidogo, kadiri ya unachoweza kukimaliza kabla hakijaganda. Na wauzao resini isiyotiwa kichapuzi cha kobalti waambiwe waseme wazi, maana kobalti na hadena zikikutanishwa zenyewe kwa zenyewe, bila resini baina yao, huweza kulipuka. Fundi mwenye busara hununua resini ambayo kobalti imekwisha tiwa kiwandani, akaepukana na fitina hiyo. Jambo jingine lisumbualo ni jelkoti inayopakwa peupe, ambayo huganda chini lakini uso wake hubaki ukinata siku nyingi, kwa sababu hewa huizuia kukamilika. Dawa yake ni kuitia nta yake maalumu katika tabaka la mwisho, au kuifunika karatasi ya nailoni mpaka ikauke.

Rangi, ambayo ndiyo watu huifikiria peke yake, huja mwisho na huchukua muda mdogo kuliko yote. Kwa boti ya mvuvi napendelea rangi ya boti ya kopo moja, juu ya praima yake, kuliko ile ya makopo mawili yenye kuchanganywa, ingawa hii ya pili hung'aa zaidi na kudumu zaidi. Sababu yangu ni kwamba ya kopo moja husamehe: hurekebishwa kwa urahisi ubavu ukikwaruzwa na mikoko, na haiwi na ile sumu ya mvuke iliyomo katika hadena ya rangi za poliurethani, ambayo humziba mtu pumzi na yaweza kumwachia pumu ya maisha. Ila boti ikiwa hulala majini usiku na mchana, sehemu yake ya chini ipakwe epoksi kwanza, kwa kuwa rangi ya kopo moja haipendi kuzama moja kwa moja. Ubavu upakwe kivulini: asubuhi ubavu wa magharibi, alasiri ubavu wa mashariki, na kazi isimame kabla umande haujaanza kushuka, kwa maana rangi iliyolala na umande huamka imefifia.

Inapendeza kuwatazama watu wawili waliozoeana wakifanya kazi hii. Mmoja hutangulia na rola, akitandaza rangi nyembamba katika eneo lisilozidi mkono wake. Wa pili humfuata na brashi laini iliyo karibu kavu, akaipitisha juu mara moja tu, kwa uzito wa brashi yenyewe, kutoka palipo pabichi kwenda palipokwisha pakwa. Huyu asikawie na yule asirudie. Tabaka likikauka husuguliwa kidogo kwa msasa laini, likafutwa, likaja la pili, na kama kopo laruhusu, la tatu. Na matabaka matatu membamba hayalingani na moja nene, ambalo hutiririka na kukauka juu huku likibaki bichi ndani. Bomba la kupulizia nalikataa. Diko halina chumba, upepo wa kusi hauna subira, na robo ya rangi huenda kwa jirani.

Kabla ya msasa wa kwanza, jina la boti na namba yake ya usajili vinakiliwe kwa kipimo katika karatasi, ili virudi mahali pake. Namba ni sheria. Jina ni heshima, na nimeona mabishano marefu yakizuka kwa sababu ya dua iliyorudishwa na herufi pungufu.

Hapa nitasema juu ya mwili wa binadamu kwa ukali kidogo. Vumbi la faiba ni kioo. Mtu anayeikata kwa grenda akiwa amejifunga kanga usoni hajajikinga. Yatakikana barakoa ya kweli ya vumbi, miwani, mikono mirefu, na kuoga kwa maji baridi kabla ya kuketi na watoto. Hadena ikiruka jichoni huweza kulipofusha, na maji mengi masafi yawe karibu kabla ya kufungua chupa, si baada ya kilio. Mwanamume wa pwani huona haya kuvaa miwani mbele ya wenzake. Aone haya zaidi kuongozwa kwa fimbo.

Na vumbi hilo huenda wapi? Madiko yetu yako kando ya mikoko, na chini ya mikoko ndimo watoto wa kamba hukulia, ambao ndio riziki ya delta nzima. Serikali ilikwisha simamisha meli kubwa za uvuvi wa kamba mwaka 2007 kwa sababu ya kupungua kwao, kwa hiyo si haki sisi wenye vyombo vidogo tuwadhuru kwa njia nyingine. Katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa, chaza waliharibika magamba na kushindwa kuzaa kwa sababu ya dawa iliyotiwa katika rangi za chini ya boti ili viumbe vya baharini visishike, nayo ni sumu ya bati iitwayo TBT. Wakulima wa chaza wakafilisika, na mwaka 1982 Wafaransa wakaipiga marufuku kwa vyombo vidogo. Ulimwengu ulichelewa kuwafuata: mkataba wa kimataifa wa kuikataza ulikubaliwa mwaka 2001, ukaanza kutumika Septemba 2008. Rangi za siku hizi hutumia shaba badala yake, nayo haikosi madhara. Hukumu yangu ni kwamba boti inayokokotwa pwani kila siku haina haja ya rangi ya namna hiyo hata kidogo; brashi ngumu kila juma yatosha, na fedha iliyookolewa inunue turubai la kutandika chini ya chombo wakati wa msasa, ili kila kikwanguo kikusanywe, kitiwe katika gunia, na kipelekwe bara mbali na maji.

Yuko atakayesema kwamba ni heri kurudi kwenye madau, tuondokane na matatizo haya. Nalipenda dau kuliko yeye, pengine. Lakini miti mikubwa ya kuundia vyombo imekuwa adimu na ghali, msitu wa mikoko una sheria za kuulinda tangu zama za Wajerumani, na mvuvi anayekwenda kasi na mashine hatarudi kwenye tanga kwa sababu mwandishi wa gazeti amependezwa nalo. Tena dau likifa lina mwisho mwema, maana huwa kuni au hurudi udongo. Boti ya faiba iliyotupwa haina mwisho: haiozi kwa wema, haifai kuchomwa kwa moshi wake, hukaa topeni ikimeguka nyuzi nyuzi. Ufaransa, tangu 2019, watengenezaji wa boti wamelazimishwa kuchangia gharama za kuvunja zile kuukuu. Sisi hatuna mfuko wa namna hiyo. Kwetu, njia ya pekee ya kuiepusha boti isiwe taka ni kuichelewesha isife.

Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikitoa boti za faiba kwa wavuvi na vikundi vyao kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alikabidhi baadhi yake Kilwa Masoko mwezi Septemba mwaka huo. Ni ihsani kubwa, wala siibezi. Lakini mkopo wa boti hulipwa kwa miaka, na boti ikipauka, ikalowa na kulegea tezi kabla deni halijaisha, mvuvi atabaki akilipia kitu kisichofanya kazi. Kila boti ya mkopo ingetolewa pamoja na mafunzo ya siku chache ya kuitunza, kopo la resini, hadena yenye kipimo chake, mati na msasa. Na chuo kipo, kwa kuwa Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi una kampasi yake Mbegani, Bagamoyo, ambako walimu wangeweza kushuka mpaka Nyamisati badala ya kungoja mvuvi awapandie. Waanze na waunda madau wazee. Mtu aliyetia kalafati maisha yake yote hahitaji kuelezwa maana ya ufa. Anahitaji kufundishwa kipimo cha hadena tu, na katika muda mfupi atamshinda kijana mwenye cheti. Wakaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) nao, wanapopita kukagua vyombo vidogo na kuhesabu majaketi ya kuokolea, wangeichukua nyundo wakagonga tezi.

Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vya delta, ijenge banda moja tu Nyamisati kwa majaribio: paa la kuzuia jua na umande, sakafu ya zege yenye ukingo ili vumbi lisishuke mtoni, tangi la kuvunia maji ya mvua, na stoo ya kuazima miwani, barakoa na mizani ya kupimia hadena. Ada yake iwe ndogo, na wanaotoka Msala na Kiongoroni wasitozwe zaidi kwa umbali wao. Na mwenye boti asilingoje banda hilo. Masika yakiisha, bamvua la kwanza la Julai likijaa, aipandishe boti yake juu ya diko, anunue maji matamu na msasa kabla ya kununua rangi, na aanze kwa kugonga tezi.